Jina Ambalo Mama Alilirudisha Kasongo

Nourdine alizima pikipiki yake mbali, kwenye kona ya wauza mafuta, akaisukuma kwa mikono mpaka mbele ya kibanda changu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Salamabila, na Nourdine, anayebeba abiria kwa pikipiki, ni mteja wangu wa siku zote. Akifika hupiga honi, hulaani matope, huomba maji kabla hajashuka. Siku hiyo nilimpa maji mimi mwenyewe, akayakataa. Kwetu, aliyebeba habari ya kifo hali wala hanywi kabla hajaitua. Nikajua kuna msiba. Sikujua wa nani.

"Salomon, kaa chini."

"Sema tu, nimesimama."

"Hapana, kaka. Kaa kwanza."

Nikakaa juu ya tairi.

"Ni mama," akasema. "Mama Sidonie ametuacha. Alitoka ku shamba ya mupunga, akasema kichwa inamuuma, akalala. Dada yako Laetitia alienda kumuamsha kwa sala ya asubuhi. Hakuamuka."

Nikasali Salamu Maria. Nourdine, ambaye ni Mwislamu wa Kasongo, akasema maneno yake ya kumrudisha mtu kwa Mungu. Ndipo akanywa yale maji. Nilifunga kibanda, tukashika njia ya Lusangi, kijijini kwetu.

Njiani, kila tulipopumzika, watu waliponitambua walisema jambo lilelile: "Wewe ni mutoto wa ule mama mwenye alirudisha jina?" Ndiyo, ni mimi. Na kwa kuwa hadithi hiyo kila mtu anaisimulia kwa namna yake, naiandika hapa jinsi ilivyokuwa, ili wajukuu wake waisome.

Mama alikuwa mjane wa katekista. Alilima mpunga na mihogo, na kwa miaka mingi aliongoza wamama wa parokia. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na hakujua kunong'ona hata kanisani. Aliamini jambo moja kwa nguvu zake zote: kwamba mtoto ni mtu tangu siku Mungu anapomjua, si tangu siku sisi tunapomwona. Hakuishia kuliamini. Wasichana waliopewa mimba na wachimba dhahabu, kisha wakaachwa, walijua mlango wake.

Mmoja wao alikuwa Rosine. Aliyempa mimba alihamia machimbo mengine, na shangazi yake alikuwa ameshaweka sufuria ya mizizi motoni ili ile mimba itoke. Mama alisikia, akaenda. Aliiteremsha ile sufuria, akamwambia shangazi, "Kama shida iko chakula, mutoto atakula kwangu. Kama shida iko haya, haya nitabeba mimi, niko na mabega makubwa." Rosine akahamia kwetu, akazaa binti.

Wakati huohuo ulikuwa wakati wa kampeni. Watu wa parokia walikuwa wamesikia kuhusu mkataba wa nchi za Afrika uliochapishwa katika gazeti la serikali Kinshasa, unaoruhusu mimba kutolewa katika hali fulani. Ulisumbua mioyo ya wengi, Wakristo na Waislamu. Basi akaja mgombea, Emilienne, mzaliwa wa Kasongo aliyekuwa ameishi Kinshasa miaka mingi. Alisimama uwanjani baada ya misa ya Jumapili, akasema yeye ni mama kabla ya kuwa mwanasiasa. Akaahidi mambo mawili: kwamba bungeni atasimama kuupinga ule mkataba, na kwamba atajenga nyumba ya kuwapokea wasichana wenye mimba wasio na pa kwenda.

Wamama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Na mama yangu, kwa furaha, akafanya kosa.

Kwetu jina si sauti tu ya kumwitia mtu. Ukimpa mtoto jina la mtu aliye hai, hao wawili wanakuwa mtu mmoja. Mwenye jina analeta kikwembe, kitambaa cha kitenge, cha kumfunika mtoto, na tangu hapo neno lake linamhusu mtoto yule. Akidanganya, amemdanganya majina yake, ndivyo tunavyomwita somo. Ndiyo sababu wazee wanakataza kumpa mtoto jina la mtu anayepita njiani, ambaye hajawahi kulala wala kula nyumbani kwenu. Bibi zetu walikuwa wameshasema binti wa Rosine aitwe Feza, jina la mama mzaa mama yangu. Lakini Mama alimchukua yule mtoto mchanga, akapita katikati ya watu.

"Mugombea, huyu ndiye mwenye unasemea. Hana jina bado. Mupe yako."

Emilienne alimpokea mtoto, akamwinua juu. Watu wakapiga picha. Akavua kikwembe begani mwake, akamfunika. "Tangu leo," alisema, "huyu ni mimi."

Tulimpigia kura sote, akawa mbunge.

Mwaka ukaisha, na mwingine. Nyumba haikujengwa. Kuhusu mkataba hatukusikia neno, mpaka jioni moja redioni mwandishi alipomuuliza, naye akajibu kwamba nchi ina ahadi zake kwa mataifa, na kwamba mambo ya mimba ni ya madaktari na ya dhamiri ya kila mtu. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Laetitia, huyu ni nani anasema?"

"Ni majina ya mutoto wetu, Mama."

Mama hakutukana. Alituma ujumbe kwa watu wa mbunge, mara ya kwanza na ya pili. Walijibu kwamba mheshimiwa ana kazi nyingi. Kisha tukasikia anakuja Kasongo kusalimia watu wake. Mama akamvalisha mtoto gauni la Jumapili, akakunja kitu ndani ya mfuko wake, akamwita Nourdine na pikipiki yake. Mimi nilifuata kwa pikipiki ya pili.

Tulimkuta mbunge katika ukumbi uliojaa watu, kina mama wa kanisa upande mmoja, wafanyabiashara wa Kiislamu upande mwingine. Vijana wake walikuwa wakigawa vikwembe vyenye sura yake. Mmoja akampa Mama.

"Hapana, mwanangu," Mama akasema kwa sauti yake ile. "Sura yake tuko nayo ku vikwembe vya kampeni. Tunaikalia kila siku. Nilikuja kusikia sauti."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mbunge alicheka, akamwita mbele. "Mama Sidonie! Na majina yangu huyu? Ameshakuwa mukubwa!"

"Amekuwa. Amekuja kukuuliza. Yeye ni mudogo, nitauliza mahali pake. Ule mukataba, ulisimama kuupinga, ndiyo ao hapana?"

"Mama, siasa iko na hatua yake."

"Hatua ya ngapi sasa?"

Watu wakacheka tena. Mbunge akapunguza sauti. Naandika alichosema bila kupunguza, maana hakikuwa upuuzi. "Mama, kuna wasichana wanashikwa kwa nguvu. Kuna wenye wanakufa juu ya dawa ya mizizi. Wewe unajua."

"Najua," Mama akasema. "Nimezika wawili. Ndiyo sababu nilifurahia ile nyumba uliahidi. Ungesema siku ile kama moyo wako ni ya ingine, tungekusikiliza, tungekupinga, na tungekusalimia njiani. Lakini ulituambia maneno yetu, ukachukua kura yetu, ukaenda kunyamaza. Na nyumba iko wapi?"

Mzee Iliasi, muuza nguo wa Kasongo, alisema kutoka upande wa pili, "Mheshimiwa, mama ameuliza. Na sisi tunangoja jibu."

Mbunge aliwaashiria vijana wake waendelee kugawa vikwembe. Ndipo Mama alipofungua mfuko. Alitoa kile kikwembe cha siku ya jina, kimefuliwa na kupigwa pasi, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Kila mtu wa jimbo letu la Maniema aliyekuwa pale alijua maana yake, na kicheko kikaisha. Kurudisha kikwembe ni kurudisha jina.

"Sina hasira," Mama akasema. "Mutoto hawezi kutembea na neno yenye haikutimia. Baki muzuri, Emilienne."

Tukatoka. Nje, Nourdine alimpandisha mtoto kwenye pikipiki, akatikisa kichwa. "Mama, sasa ninabeba mutu bila jina? Askari wa barabara wakiniuliza nitasema nini? Nimebeba muzigo?"

"Sema umebeba Feza," Mama akajibu. "Wazee walisema, mimi nikakuwa na masikio ya mawe."

Nilidhani atarudi nyumbani akiwa amevunjika. Haikuwa hivyo. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya wamama. "Tulingoja mutu atoke Kinshasa atujengee. Udongo iko hapa, miguu iko hapa." Wakaanza kukanyaga udongo na kufyatua matofali, asubuhi kabla ya kwenda mashambani. Wamama wa Kiislamu wa Kasongo, walioambiwa na Mzee Iliasi, walituma mabati. Nyumba ina vyumba viwili na jiko. Wasichana waliopitia humo sasa ni wengi, na watoto wao wanakimbiza kuku wetu mpaka kuku wamekonda.

Lakini sheria pia Mama hakuiacha. Kampeni iliyofuata ilipofika, aliwafundisha wamama wa kila parokia kumuuliza kila mgombea swali lilelile, mbele ya watu, na kutompigia makofi mpaka ajibu. Wengine walikimbilia habari za barabara. Mmoja, Jean-Baptiste, aliyekuwa mwalimu, alisema, "Siwezi kuahidi kama Bunge litanifuata. Ninaahidi nitasimama, nitasema, na nitarudi hapa kuwaambia walinijibu nini."

"Hii ni ahadi mudogo," mama mmoja akasema.

"Ni mudogo," Mama akajibu, "lakini mutu anaweza kuibeba."

Alishinda. Alisema. Na mwezi mmoja kabla ya kifo cha Mama alirudi Lusangi, matope mpaka magotini, akawaambia wamama kwamba wenzake waliomuunga mkono walikuwa wachache, na kwamba hajafaulu, lakini atarudia. Laetitia alitazamia wamama wakasirike. Mama alisimama, akamletea kiti na sahani ya wali. Usiku huo aliniambia kwa simu kwamba alikuwa na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu aliyeomba kura yetu alikuwa amerudi kutueleza alikoshindwa. "Wengine watakuja," alisema. "Sasa wanajua kama tunauliza."

Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa.

Nilipofika nyumbani, wamama walikuwa wameketi kwenye mikeka, na ndugu wa Kasongo walikuwa wanaendelea kufika. Laetitia alinishika tukalia. Alasiri aliingia uwanjani mwanamke peke yake, bila gari na bila vijana, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Emilienne. Minong'ono ikaanza. "Huyu naye anatafuta nini?" Laetitia alisogea, akampa nafasi mkekani. Alikaa na waliolia, kama wengine. Baadaye aliomba kuiona nyumba ya wasichana.

"Ingia," Laetitia akamwambia, "lakini polepole. Watoto wamelala."

Alikaa humo kwa muda mrefu. Alipotoka alirudi mkekani kwa waliolia. Mungu anajua kilicho moyoni mwake, na mimi namwombea.

Tulimzika Mama siku iliyofuata baada ya misa, kando ya baba. Wamama walikuwa wameamua kwamba hakuna mwanasiasa atakayehutubia. Jean-Baptiste alikubali, akavua koti, akashika jembe zamu yake ilipofika. Jeneza lilibebwa na wamama wenyewe kutoka kanisani mpaka kaburini, wakipokezana. Padri alisoma sala. Rosine alitupa udongo, na Feza akatupa wake. Nikatupa wangu. Tuliimba mpaka kaburi likajaa, tukasimika msalaba wa mbao wenye jina lake, tukanawa mikono kwenye beseni lililowekwa njiani, tukarudi nyumbani kuwapa watu chakula.