Fito Zilizolinda Ghala

Kosa lililokaribia kutuangamiza lilikuwa adabu isiyouliza. Katika chama chetu cha wakulima wa tumbaku, huko Ushetu, kila jambo lilipitishwa kwa makofi. Mwenyekiti akisema tumpongeze fulani, tunapiga. Akisema makofi ya kilo, tunapiga kwa mpigo mmoja kama askari wa gwaride, na katibu anatangaza kwamba hoja imeafikiwa. Hakuna aliyeuliza kama makofi yale yalikuwa ya kumkaribisha mtu au ya kumkubalia. Watu waliofundishwa tangu utotoni kuwapigia wakubwa goti huona haya kumnyima mgeni kitu kisichogharimu chochote.

Mimi ni mwalimu, naishi Shinyanga mjini. Uanachama niliurithi pamoja na shamba la marehemu baba, ambalo analilima dada yangu mkubwa. Dada ni mjane na analea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda Geita kwenye machimbo na hawaleti habari. Kila mwaka, miezi ya masika kabla mahindi mapya hayajakomaa, akiba yake huisha, naye hukopa magunia kwenye ghala la chama na kuyarudisha baada ya mavuno. Nyumba nyingi pale zinaishi hivyo. Ghala lile ndilo lililokuwa hatarini.

Chama kilikuwa kimelemewa na deni. Mvua ya mawe ilikuwa imepasua majani msimu mmoja, na msimu uliofuata bei ilianguka, huku mbolea tuliyochukua kwa mkopo ikiwa imekwisha kuyeyuka ardhini. Wadai wetu walikuwa benki moja na kampuni inayonunua tumbaku yetu. Walimtuma mjumbe kutoka Dar es Salaam, kijana mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi, aje atusomee masharti ya kutuongezea muda wa kulipa.

Tulikutana uwanjani mbele ya ghala. Mwenyekiti alitangulia kumsifu mgeni, nasi tukapiga makofi. Mgeni aliwaamkia wazee vizuri, kisha akasoma: mahindi yote ya ghalani yauzwe, fedha zipelekwe benki, ghala lifungwe, wanachama wasikopeshwe tena mbolea ya mahindi, ila ya tumbaku peke yake. Alisoma bila kuinua sauti, na maneno kama "nidhamu" na "kujifunga mkanda" yalipita masikioni mwa watu kama mahubiri ya ugenini. Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla sentensi hazijaisha, kama mtu aliyekwisha kuzisikia. Lori lake ndilo hukodiwa kila chama kinapouza mahindi. Sina ushahidi wa zaidi ya hapo, lakini sikuacha kumtazama.

"Sasa tumshukuru mgeni wetu kwa safari ndefu," alisema. "Ya kilo."

Tukapiga. Katibu akasimama hapo hapo. "Wanachama wameafiki masharti."

Dada alinigeukia. "Tumeafiki nini?"

"Ghala kufungwa."

"Mimi nilikuwa namshukuru kijana wa watu kwa vumbi alilokula."

Ndipo jirani yake aliposimama, mama mmoja mkulima kama sisi, anayejulikana kijiji kizima kwa ulimi wake. Hakuomba nafasi.

"Mwenyekiti, na mimi nimempigia mgeni makofi. Hata posa ikija nyumbani kwangu nawapigia makofi waliokuja. Haina maana nimekwisha kumtoa binti."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Mayu, kaa chini," alisema, akimwita kwa Kisukuma kama mtu anavyomwita mama yake. "Tunajua nani amekutuma. Shemeji yako si wakala wa kampuni ile nyingine ya Kahama, inayoigombea tumbaku yetu?"

"Ni wakala, na ananidai kuku. Nimetumwa na tumbo langu, baba. Wewe umetumwa na la nani?"

Yule mama aliugeukia uwanja. Alidai ipigwe kura. Mgeni, kwa sauti ya upole, alisema kura haina ubaya, basi wanaokataa wanyooshe mikono. Hakuna mkono ulioinuka. Si kwamba watu waliyapenda masharti. Mwenyekiti ndiye hugawa mbegu na mbolea, na kila mmoja alijua macho yake yalikuwa yakipita wapi. Mimi nilipendekeza kura ya siri ya karatasi. Mwenyekiti alikubali haraka mno, akasema karatasi atazishughulikia yeye, na masanduku yatakaa ofisini kwake. Wepesi ule ulinitia baridi. Nimesoma habari za taifa moja la mbali ambalo wananchi wake walipiga kura kuyakataa masharti ya wadai wao, na nilichojiuliza siku zote ni nani aliyeshika masanduku.

"Karatasi hapana," alisema yule mama. "Bani lile pale ni tupu. Tutundike."

Bani ni nyumba ndefu ya udongo ambamo tumbaku hukaushwa kwa moshi. Ndani yake mna vichanja kushoto na kulia, na majani hufungwa kwenye fito ndefu zinazotundikwa huko juu. Hakuna mkulima wa Ushetu asiyeweza kutundika ufito gizani. Yule mama alieleza kwa maneno machache: kila mwanachama apewe ufito mmoja mtupu, aingie peke yake na kufunga mlango, anayekubali atundike kulia, anayekataa kushoto. Ufito ni mrefu kuliko mtu, hivyo haiwezekani kuficha wa pili ndani ya kitenge. Kisha mlango ufunguliwe na kila mtu ajionee.

"Huu si utaratibu," mgeni alisema.

"Utaratibu wetu wa kupata hiyo tumbaku mnayoinunua ndio huu," alijibu mzee mmoja nyuma, na kwa mara ya kwanza sauti nyingi zikamuunga mkono.

Niliomba kukagua bani kabla ya kuanza, nikapapasa vichanja vyote kuhakikisha ni vitupu. Kisha nikasimama hatua chache kutoka mlangoni. Nakiri kwamba hata yule mama sikumwamini. Nilihesabu kila ufito uliotolewa kwenye rundo. Dada aliingia, akatoka akijipangusa masizi. Mwenyekiti alipoingia alikaa muda mrefu. Nilikaza sikio nikitafuta mlio wa fito kuhamishwa, nikasikia kikohozi tu. Alipotoka hakunitazama.

Mlango ulipofunguliwa, mwanga uliingia moja kwa moja. Kushoto fito zilijaa kichanja hadi kichanja. Kulia zilikuwa chache, zimeachana. Nilizihesabu zote kwa sauti, zikalingana na wapiga kura. Mgeni alichungulia, akafunga mkoba wake, akasema atayafikisha aliyoyaona.

Sitaki kuyaremba yaliyofuata. Mbolea ya msimu ule ilichelewa na ikapungua, na mavuno ya tumbaku yakawa hafifu. Watu, wakiwamo bila shaka waliotundika kushoto, walianza kunong'ona kwamba yule mama alituponza kwa faida ya shemeji yake. Nilikwenda nikamuuliza ana kwa ana. Alikuwa anapalilia, akaniambia bila kuacha jembe kwamba mwalimu anayetaka kujua alilipwa nini aje amsaidie kuyabeba hayo malipo. Baadaye wadai walirudi na masharti mengine: muda mrefu zaidi wa kulipa, makato madogo kwa kila mzigo wa tumbaku, na ghala lisiguswe. Masika yaliyofuata dada yangu alikopa mahindi yake kama kawaida, na wajukuu hawakulala njaa.

Siku hizi mwenyekiti huwasimulia wageni kwamba ni yeye aliyezungumza na benki ikalegea, na waliokuwapo humwacha aseme. Katika kumbukumbu hizi nimeacha majina yote kwa makusudi. Moja tu ndilo ambalo kulinyamazia kungekuwa kushiriki katika uongo huo. Aliyeliokoa ghala ni Mama Kulwa.