Teke Ambalo Hakuna Aliyelipiga

Admin, nifichie jina, maana huku Kibosho hata kikohozi changu kinajulikana. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni baba wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu, nina mke na wajukuu. Ukurasa huu alinionyesha binti yangu, nikawa nasoma visa vya ndoa za watu nacheka peke yangu. Leo sicheki. Nina jambo la miaka zaidi ya thelathini limenikaa kifuani. Majina nitakayotaja si ya kweli.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mwalimu wa michezo kwenye sekondari moja huku mlimani. Nilisifika pia kwa kuchua. Ukiteguka mguu unaletwa kwangu, nakukanda kwa maji moto na mafuta ya ng'ombe, unarudi uwanjani. Sikusomea popote, nilimwona tu bibi yangu akifanya. Lakini sifa nilizipenda, tusidanganyane.

Nilikuwa na wakimbiaji wawili wa kike, Gaudensia na Teodora, vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, vimepakana. Gaudensia alikuwa moto. Akivaa zile raba za mtumba nilizomchagulia sokoni Kiboriloni, humshiki. Jumamosi moja, wiki chache kabla ya mashindano ya mkoa, nilikuwa nawakimbiza, Gaudensia mbele, Teodora nyuma yake hatua tano hivi. Ghafla Gaudensia akaanguka, akashika nyuma ya kisigino, akageuka akipiga kelele, "Teodora! Mbona umenipiga teke?"

"Mimi? Sijakugusa! Mwalimu, si umeona?"

Mwalimu aliona. Teodora hakuwa karibu kabisa. Lakini mwenzake alilia kwa uhakika mpaka nikaanza kuyatilia shaka macho yangu, nikasema tu, "Nyamazeni, tuangalie mguu kwanza." Nikaanza kuchua pale pale. Juu ya kisigino kidole changu kikazama kwenye kishimo. Nikamwambia achezeshe vidole, akachezesha. Nikatangaza kwamba ni mshtuko wa msuli, wiki mbili atakimbia.

Wiki mbili zikaisha anachechemea, nami kila jioni nakanda. Maneno yakaenea kwamba Teodora alimpiga mwenzake kwa wivu. Baba yake Teodora, mtu wa amani kweli kweli, akakata jani la isale. Kwetu Uchagani ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Jumapili baada ya misa akamtanguliza binti yake mpaka kwa kina Gaudensia, na mimi nikaalikwa kama mwalimu wao. Teodora alipiga magoti akilia, "Baba, mimi sikumpiga." Baba yake akamjibu taratibu, "Toa isale, mama. Tuyamalize." Akatoa. Wakasamehe. Tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mimi nikapewa kata ya kwanza.

Haukupita mwezi, nikaitwa semina ya walimu wa michezo Moshi mjini. Daktari aliyetufundisha akasema, "Kano ya nyuma ya kisigino ikikatika, mgonjwa atakuapia kwamba kapigwa teke. Atageuka kumtafuta aliyempiga, na hakuna mtu. Vidole atachezesha, msidanganyike." Akamlaza mwenzetu kifudifudi mezani, miguu inaning'inia, akaminya shavu la mguu. Unyayo ukacheza wenyewe. "Usipocheza, kano imekatika. Msichue. Wahini hospitali." Nikanyoosha mkono nikauliza, je, aliyechelewa? Akasema bado anaweza kupasuliwa ikaunganishwa, ila asizidi kukaa.

Kesho yake nikaenda kwa Gaudensia. Nikamlaza kifudifudi kwenye benchi, nikaminya. Unyayo haukucheza. Nikaminya tena, wapi. Mama yake akauliza, "Vipi mwalimu?" Nikasema, "Anaendelea vizuri, mama. Apewe muda tu."

Jamani, nilisema hivyo. Ningesema ukweli, ningemwambia baba yake Teodora kwamba alimpigisha binti yake magoti bure, na kwamba mimi nilikanda kano iliyokatika kwa mikono yangu mwenyewe huku nasifiwa. Nilikuwa mwoga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilificha maradhi ya mtoto wa mwenzangu.

Gaudensia hakukimbia tena. Mpaka leo anapanda kwenda kanisani akiburuta mguu, na akiniona anasema, "Shikamoo mwalimu. Mungu akubariki, bila wewe ningekatwa mguu huu." Naitikia marahaba, naharakisha kuondoka.

Teodora aliacha mbio mwaka ule ule, baadaye akaolewa Tarakea. Mwezi uliopita alikuja kumzika baba yake. Tulipotoka kaburini nilimvuta pembeni kwenye migomba, nimedhamiria kusema. Nikaanza, "Teodora, lile teke la zamani..." Akanikatiza kwa upole, "Mwalimu, yalishaisha. Siku hizi na mimi naamini nilimpiga. Labda mguu ulimfikia bila mimi kujua. Watu wote wale hawawezi kukosea." Nikamwangalia usoni, nikasema, "Pole na msiba." Basi.

Tangu siku hiyo nimekata isale mara mbili kwenye ua wa kihamba changu, na mara mbili nimelitupa. Nikiwapelekea, mila itawalazimisha kunisamehe, kama ilivyomlazimisha yule mtoto kuomba msamaha wa kosa ambalo halikuwepo. Nikienda mikono mitupu, wana haki ya kunifukuza, na pengine hicho ndicho ninachostahili. Baba yake Teodora ameshazikwa akiamini binti yake ana roho mbaya, huyo siwezi tena kumwambia chochote.

Nishaurini ndugu zangu, hata mkinitukana nitasoma. Niende na isale au niende mikono mitupu? Na nianze kwa nani: kwa niliyemnyima mguu wake, au kwa niliyemwacha mpaka akaamini kwamba ni yeye?