Nilivyokataa Kusitiriwa

Uvumilivu wangu uliniishia Farsta, huku kwa Waswidi, katika ofisi ya ustawi wa jamii, mkalimani alipomwambia ofisa kwamba ninamlea mwanangu peke yangu.

Mimi sikusema hivyo. Ofisa aliuliza nani humwogesha mtoto, nani humpeleka chekechea, nani hukesha naye akiumwa. Nikajibu: mke wangu, kuliko hata mimi, maana kazi yangu ni ya zamu. Mke wangu alikuwa ameomba kumwasili mtoto niliyemzaa, ili naye awe mzazi kisheria, na ofisa ndiye angeiandikia mahakama maoni yake. Kiswidi nakisikia vizuri kuliko ninavyokiongea, ndiyo maana niliomba mkalimani. Basi nikamsikia akisema, "Analea mwenyewe. Yule mwingine humsaidia tu."

Nikamgeukia. "Mama, mbona umesema hivyo?"

Akainama, sauti ya chini kabisa. "Mdogo wangu, nimekusitiri. Mambo haya hayaandikwi. Kesho mtoto atakua ayasome."

"Nani kakuomba sitara?"

"Hata mama yako angenishukuru."

Hapo nikasimama. Nikamwambia ofisa kwa Kiswidi changu cha kuungaunga kwamba huyu mama anasema yake, si yangu, na asiandike neno. Ofisa akasema kwa upole tuendelee, muda ni mchache, na lile amekwishaandika. Nikabeba koti nikatoka.

Nilienda moja kwa moja kwa wakili wetu. Ni mwanamke wa Burundi, aliletwa huku akiwa mtoto, na Kiswahili chake cha Bujumbura hunichekesha hata nikiwa na machozi. Alianza na talaka za watu wetu na kugombea watoto. Kisha wakaja kina mama wawili wenye mtoto mmoja, akawapokea, na tangu siku ile wapo waliomfuta kwenye kadi za harusi. Walewale, waume wakiwakimbia, humpigia simu kwa kunong'ona. Naye huwapokea.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili, ukumbini mtaa wa Bredäng, akieleza haki za familia kama yetu. Mzee mmoja akamkatiza, "Wakili, wewe una mume. Haya yanakuhusu nini?"

"Baba, wewe umewahi kuibiwa?"

"Sijawahi, namshukuru Mungu."

"Na polisi unataka wawepo?"

Ukumbi mzima ulicheka, mzee naye akacheka. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa viti vya nyuma, tumeachiana nafasi kama wasiojuana. Nikasogeza kiti changu karibu na chake. Najivunia yule mwanamke kama ndugu yangu wa damu.

Siku ile ya Farsta alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema, "Yule mama anaamini amekutendea wema. Ndiyo hatari yake. Ataenda kumsitiri na mwingine, na huyo mwingine hatasikia Kiswidi."

"Niandikie malalamiko, dada."

"Naweza. Lakini wewe ulikuwemo chumbani, mimi sikuwemo. Andika wewe, nitakuangalizia sheria tu."

Mimi wa kidato cha nne! Niliandika mezani jikoni, kwa Kiswidi, mtoto akinikatalia uji kwa Kiswidi chake kilichonyooka kuliko changu. Nakala moja kwa mamlaka inayowapa wakalimani idhini, nyingine kwa mkuu wa ile ofisi. Nilieleza nilichosema na alichosema yeye. Nikadai maneno yake yaondolewe kwenye faili la mwanangu, na nihojiwe upya na mkalimani mwingine. Nikaeleza pia kwamba ofisa aliambiwa palepale akaendelea. Nikasaini: mama wa mtoto. Mke wangu akachukua kalamu, akasaini chini yangu: mama wa mtoto.

Nilipoipeleka kwa mkono, mapokezi Farsta waliniambia ningeweza kutuma kwa mtandao. Nikasema najua, gongeni muhuri.