Walipouliza Nafanya Kazi Gani

Nilipokwenda kujitambulisha ukweni, baba yangu mdogo aliniazima koti lake la suti na kunipa sharti moja tu: nisifungue mdomo. Kijana anayeposa hasemi. Anasemewa na mshenga, na akijisahau akatamka neno, wenyeji wanampiga faini. Mshenga wangu alikuwa ni huyo huyo baba mdogo, maana baba yangu mzazi alishafariki. Kutoka Mutuka hadi Maisaka alifanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti, mpaka dereva wa bajaji akaanza kumsahihisha.

Mimi nilikuwa naogopa, na sikuogopa mahari. Niliogopa swali. Binti niliyempenda alikuwa mtoto wa mtumishi wa serikali, mtu aliyehamia Babati kikazi akapapenda akajenga, na ambaye tangu ujana wake alitoka asubuhi kwenda ofisini na kurudi jioni. Mzee wa namna hiyo hamtoi binti yake bila kuuliza kijana anafanya kazi gani. Na jibu langu halikuwa fupi. Jumamosi nilinyoa watu majumbani kwao kwa mashine ya kuchaji. Msimu wa mbaazi nilibeba bomba la dawa mgongoni na kupulizia mashamba ya watu kule Sigino. Penye sherehe nilichinja mbuzi na kuchoma nyama. Siku zilizobaki nilipaka rangi nyumba. Hakuna iliyonitosha peke yake, na hakuna niliyoionea haya, ila nilijua kwamba zikitajwa zote kwa mkupuo kwenye sebule ya watu, zitasikika kama maneno ya mtu anayejitetea.

Baba mdogo aliniambia nisiwe na wasiwasi, swali hilo ameshaliandalia dawa. Lilipokuja akakohoa kidogo, akajiweka sawa, akasema, "Kijana wetu ni mfanyabiashara."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shangazi wa binti alikuwa ananikazia macho tangu tuingie.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu si kinyozi? Si ndiye anayewanyoa watoto wa jirani yangu?"

"Kinyozi wapi, shemeji," akadakia mjomba wa binti. "Huyu ni mtu wa dawa. Mbaazi zangu zote kazipulizia yeye."

Mama wa binti alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na sinia la vikombe. "Jamani, mimi namjua ni mchinjaji," akasema. "Kwenye kipaimara cha mtoto wa hapo nyuma, mbuzi wote walipita mkononi mwake."

Nikamtazama baba mdogo aniokoe. Kwa kuchanganyikiwa, yeye akaongeza, "Na rangi pia anapaka." Nilikuwa nimempenda sana baba yangu mdogo mpaka dakika ile.

Baba wa binti akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati.

"Wageni wetu," akasema, "barua yenu ilisema mnamleta kijana mmoja. Mimi hapa naona mmeniletea wanne."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sisemi kwa ubaya. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na huyu kashika manne. Akiugua je? Nani atamlipa? Mwanangu atakula nini?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata leo. Damu ilinipanda. Jibu nilikuwa nalo mdomoni: mwenye kazi moja ikimponyoka anabaki mikono mitupu, mimi ikiniponyoka moja nabaki na tatu. Nikalimeza, maana sharti ni sharti. Lakini lile la kuugua sikuwa na jibu lake hata moyoni. Alikuwa ni baba anayeuliza jambo la haki kabisa, na nikaona waziwazi kwamba binti ananitoka nikiwa nimekaa pale pale, nimevaa koti la watu, kimya.

Basi binti akaitwa, kama ilivyo desturi. Akaingia ameinamisha kichwa, amevaa kitenge kipya. Baba yake akamuuliza kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anawafahamu. Kawaida hapo vigelegele hupigwa na chakula huletwa. Shangazi alishafungua mdomo tayari, lakini mzee akamwinulia mkono asubiri.

"Na kazi ya huyu kijana, unaijua?"

Binti akanyanyua kichwa. Alikuwa anatabasamu, naapa.

"Baba, nikianza kuzitaja tutachelewa kula. Ila sijawahi kumkuta amekaa anasubiri kazi imfuate."

Shangazi hakungoja ruhusa tena. Kigelegele alichopiga kiliwatoa watoto wa jirani mbio hadi mlangoni. Mzee akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akavaa miwani.

"Haya," akasema. "Tutaona."

Nami kwa furaha nikaropoka, "Asante sana, mzee!" Nikapigwa faini ya kreti la soda. Sijawahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kama nilivyotoa kreti lile.

Tukaoana. Ile "tutaona" ya mkwe wangu ilidumu miaka. Hakunitendea ubaya hata siku moja, nisimzulie. Ila alipotutambulisha kwa watu, wakwe zake wengine walikuwa na mikia: huyu mkwe wangu mwalimu, huyu mkwe wangu nesi. Akifika kwangu anasema, "Na huyu ni mkwe wangu," kisha ananyamaza. Mke wangu alisema nisijali. Nilijali.

Kazi nazo ziliendelea, na nilichokuja kukigundua ni kwamba hazikuwa nne kama watu walivyozihesabu pale sebuleni. Zilishikana mikono. Mtu unayemnyoa hunyamazi naye. Kabla hujafika kisogoni ameshakwambia ukuta wa kwao unabanduka rangi, au shemeji yake anamwoza binti mwezi ujao na mchinjaji hajapatikana. Ukienda kupaka rangi, mwenye nyumba anakuuliza kama unamjua mtu wa kupulizia nyanya zake. Unamjua, ni wewe. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mimi hata sikuwa natembea bure. Mke wangu akaongeza ya kwake, vitalu vya miche ya parachichi na miti ya mbao pembeni ya nyumba, nami nikawa naisambaza kwa pikipiki nikienda mashambani. Namshukuru Mungu kwa mji huu. Ni mdogo kiasi kwamba ukifanya kazi yako vizuri asubuhi, jioni mtaa wa pili wameshasikia.

Kisha nikaugua. Homa ya matumbo ikanilaza kitandani msimu mzima wa mbaazi, na lile swali la mzee likaja kukaa pembeni ya kitanda changu. Hakuna aliyenilipa. Alikuwa sahihi. Lakini hatukulala njaa. Mjomba wa mke wangu, yule wa mbaazi, alileta gunia la mahindi. Mama mkwe alikuja na supu ya kuku, akakaa kuhakikisha imekwisha. Vijana wa Maisaka walikuja kunipa pole wamefuga vichaka kichwani, ingawa vinyozi wengine wapo tele mjini.

"Kaka, pona basi," mmoja akaniambia. "Tunachekwa mtaani."

Nililia walipoondoka, na sioni haya kusema. Mkwe wangu alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama watu wakiingia na kutoka. Alipoaga hakusema neno kuhusu kazi.

Alistaafu baada ya hapo. Walimfanyia sherehe nzuri, mbuzi nilichinja mimi. Tukadhani sasa atapumzika, lakini mtu aliyezoea kutoka asubuhi hajui kupumzika. Mama mkwe alitueleza kwamba mzee bado anaamka alfajiri, anapiga pasi shati, analivaa, anafika hadi getini. Pale getini anasimama. Akiona watu wanapita kwenda kazini anarudi ndani kuwasha redio. Tulikwenda kumtembelea, akatupokea kwa adabu zote, akanywa chai nasi, na macho yake hayakuwa pale.

Asubuhi moja nikiwa nafunga bomba la dawa kwenye pikipiki, nikamwona anakuja kwa miguu, na shati lake la ofisini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe."

Nikamletea kiti, hakukaa. Akazunguka ile miche, akaigusa gusa majani, akauliza ipi ni ya parachichi. Nikamwonyesha. Akauliza inamwagiliwa mara ngapi. Nikamwambia asubuhi na jioni. Kisha akasema huku anatazama miche, asinitazame mimi.

"Mkwe, katika hizi kazi zako, hakuna ndogo ambayo mzee kama mimi anaweza kuishika?"

Nikaiacha kamba. Safari hii hakuna aliyenikataza kusema, ila nilisemewa tena. Ni mke wangu, aliyekuwa mlangoni na ndoo, ndiye aliyesema, "Ipo, baba. Karibu sana."

Kesho yake tulipofungua mlango tulimkuta ameshafika. Alikuwa amevaa kaptula ya zamani na raba, ndoo mkononi, maji yameshajaa.

"Haya, mkwe," akasema. "Tunaanza na ipi?"