Kararaina na Uwanja Ulioliwa na Mto

Mke wangu Kararaina huunguza mkate. Ameuunguza tangu tuoane na mimi nimeula bila kulalamika, kwa sababu mwanamke huyohuyo amenilisha nyama ya kulungu miaka yote hiyo na hajanituma hata siku moja kwenda kumwinda mnyama. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Yeye mbele na bunduki, mimi nyuma na mkoba, na ole wangu nikikohoa.

Huku kwetu milimani, kumpiga kulungu si kazi. Kazi ni kujua yuko umbali gani. Risasi hushuka kadiri inavyokwenda, na bonde lina ulaghai wake: baada ya mvua, hewa ikitakata, mnyama wa mbali huonekana kama utamkamata mkia, na ukungu ukitanda, wa karibu huonekana yuko ng'ambo ya dunia. Vijana wana kifaa. Wanachungulia, kinawapa namba. Ihaka, mtoto wa Hohepa, marehemu kaka yake Kararaina, alituletea kimoja wakati wa Krismasi. Kimo kwenye droo ya vijiko mpaka leo.

Kararaina hupima kwa viwanja vya raga, kama watu wote wa mabonde haya. Anautandaza uwanja mmoja kwa macho, goli hadi goli, halafu mwingine mbele yake, mpaka amfikie mnyama. Ukiwa mmoja, analenga palepale anapotaka kupiga. Vikiwa viwili, anainua kidogo. Vikiwa vitatu, analenga juu ya mgongo kabisa. Bunduki yenyewe kaka yake Hohepa alimrekebishia ilenge sawa kwenye uwanja wa kijijini kwao Waikotare, yeye amelala chini ya goli moja na shabaha iko chini ya goli la upande wa kilima. Sijawahi kumwona akikosa, na nimemwona akipiga katika hali ya hewa ambayo mimi nisingetoka hata kwenda chooni.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, alisema daktari wa mjini. Watayasafisha, ila foleni ni ndefu. Ndani ya darubini ya bunduki bado anamwona mnyama vizuri, pembe na masikio. Kwa macho matupu bonde zima limekuwa bapa, karibu na mbali ni kitu kimoja. Hakuniambia. Niligundua mwenyewe siku alipomwacha kulungu ajiendee zake, akasema, "Yuko mbali sana yule," na mimi yule kulungu ningeweza kumtemea mate.

Basi ikafika wakati wa kufunua jiwe la kaburi la Hohepa, mwaka mmoja baada ya kumzika. Ukoo mzima ungekuja kwenye marae ya Waikotare, pale ukoo unapokutania na kupokea wageni, na wageni wakija pale hutegemea kula kulungu, si kitu kingine. Tulikuwa jikoni tunapanga. Terehia, binamu yake Kararaina, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo mbaya, akasema ameagiza kondoo wa dukani.

"Wa nini?" akauliza Kararaina.

"Wa tahadhari tu, dada. Umri nao unapita."

"Unapita kwako?"

"Kwangu umeshapita, ukaaga kabisa. Nakuambia wewe."

Kararaina akafuta mikono. "Kaka yangu hatalishiwa watu kondoo wa dukani. Nikirudi mikono mitupu, bunduki naitundika. Atachukua Ihaka."

Mimi roho iliniuma, maana nilijua anachokiweka rehani, na nilijua haoni.

Tukapanda milimani asubuhi. Mkabala na bonde la kwanza tukamkuta jike mnono, amesimama kwenye nyasi za ng'ambo. Kararaina akalala chini, akaweka bunduki juu ya mkoba, akatulia muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia katika ndoa yetu.

"Henare," akanong'ona bila kugeuka. "Vingapi?"

Nikatazama, nikatandaza. "Vitatu."

Akapiga. Vumbi likaruka chini ya tumbo la mnyama, naye akaingia msituni bila hata kuharakisha, kama aliyekumbuka ana shughuli.

"Umesema vitatu," akasema Kararaina.

"Ni vitatu."

"Risasi imepita chini. Yule alikuwa vinne."

"Vitatu, mke wangu. Nimecheza raga kwetu Orongotea tangu kijana mpaka goti likanikataa. Uwanja naujua kwa ngozi yangu. Wewe umelenga vibaya."

"Mimi nimelenga vibaya?"

"Mimi nimesema vizuri. Sasa nani amebaki?"

"Usinifundishe uwanja, bwana we. Mimi nimezaliwa pembeni ya uwanja."

"Upi?"

"Wa kwetu. Kwani kuna mwingine?"

Hapo cheko likanitoka, na halikuwa na adabu. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia.

"Kararaina, uwanja wenu mfupi."

Kila mtu wa Orongotea anajua. Enzi za babu yake mto ulifurika ukala upande mmoja wa uwanja, na yule mzee, badala ya kutafuta pahala pengine, akang'oa goli, akalichimbia ndani zaidi, akachora mstari mpya, na Jumamosi iliyofuata wakacheza. Kararaina alizaliwa akaukuta hivyo. Kwake huo ndio uwanja. Sisi tulikuwa tukienda kucheza kwao tunaambizana tusipige mpira kwa nguvu, usije ukaanguka wilaya nyingine. Na katika ndoa ya miaka arobaini jambo hili halikuwahi kutugusa, kwa kuwa hakuwahi kuniuliza umbali. Alitandaza viwanja vyake mwenyewe, kwa bunduki iliyorekebishwa uwanjani kwao, na kila kitu kikapatana.

"Babu yangu hakusogeza goli," akasema.

"Alisogeza."

"Nani kasema?"

"Watu wote, ila nyinyi."

Akachomoa kipande cha mkate wake kwenye mkoba, akatafuna akitazama upande mwingine. Nilijua amekasirika, na nilijua pia anapiga hesabu.

"Mfupi kiasi gani?"

"Robo hivi."

Akatafuna tena. "Ndiyo maana mlikuwa mnatufunga kwenu tu."

Mchana tukavuka kijito, tukapanda bonde la pili. Pale kwenye maporomoko ya udongo, chini ya miti, dume kijana alikuwa anakula majani. Kararaina akalala. Aliposhika bunduki nikaona vidole vyake vinatafuta mahali pa kukaa, na sijawahi kuviona hivyo.

"Vingapi? Vya kwetu."

Ilinibidi niusahau uwanja nilioumwagia damu, niutandaze ule wa Waikotare, nilioucheza mara chache tu na kila mara nikitukanwa. Nikaanza goli la upande wa mto, kwenye ile mierebi. Nikapita mbele ya dirisha la jiko ambako wasichana walikuwa wanatucheka, yeye akiwa mmoja wao. Nikafika goli la kilima. Nikaanza tena. Nikikosea, wageni wa Hohepa watakula kondoo wa Terehia, na mwanamke huyu ataingia nyumbani akaitundike bunduki ukutani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeitundika.

"Viwili na nusu," nikasema.

"Una uhakika?"

"Ninao."

Sikuwa nao wote. Akapumua, akainua mtutu kidogo, akapiga. Yule dume akapiga hatua mbili tatu, akakunja magoti, akalala.

Mimi nikaketi.

"Usikae," akasema Kararaina. "Beba."

Siku ya kufunua jiwe, mawe ya kupikia yalikuwa yanachomwa tangu alfajiri na mashimo ya kufukia nyama yalikuwa tayari. Mimi nilipewa kona yangu, beseni na gunia la viazi. Kararaina alikuwa kwenye meza kubwa anakata paja la yule dume. Kila aliyeingia alimbusu shavuni na kuitazama nyama. Kondoo wa Terehia alikuwa ndani ya friza, na hakuna aliyemuulizia.

Terehia hakuweza kuvumilia. "Haya dada, umepata. Lakini tuseme kweli, siku hizi nakuona unapapasa milango. Bunduki unaitundika lini?"

Jiko zima likasikia. Nikasimamisha kisu.

Kararaina hakuinua kichwa kutoka kwenye nyama. "Niitundike kwa nini? Macho yangu si yale pale, yanamenya viazi."

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Nikainamia beseni na kuendelea kumenya, na kile kiazi nilikimenya mpaka kikaisha.