Kauri Mia Moja Tisini na Tisa

Jumanne ya tarehe 11 Oktoba 2011, katika daftari la maabara la shule moja ya kanisa kusini mwa Upolu, kisiwa cha Samoa, uliandikwa mstari huu: "Kauri 200. Moja imekanyagwa na Lusia. Zimebaki 199." Mwandiko ni wa Sinapati Leavasa, mwalimu wa fizikia. Daftari bado limo kabatini, rafu ya pili.

Kauri alikuwa ameziokota mwenyewe, maji yakipwa, kwa muda wa miezi miwili. Shule haikuwa na madini yanayotoa mnururisho wala kifaa cha kuupima, na mtihani haukukosa swali la mnururisho hata mwaka mmoja. Basi akawapa wanafunzi ndoo ya kauri. Kila kauri ni atomi, aliwaambia. Zimwageni mkekani. Iliyolala chali, mdomo juu, kiini chake kimevunjika, itoeni. Zilizobaki zihesabuni, mzirudishe ndooni, mmwage tena.

"Mwalimu, ipi itafuata kuvunjika?" Lusia aliuliza.

"Ningekuwa najua hilo, ningekuwa bingwa wa bingo kanisani, nisingekuwa hapa nakuchunga wewe usinikanyagie atomi."

Aliyeandika hesabu ubaoni siku hiyo ni mwanafunzi wa dawati la mbele, Fereti Asomua. Aliandika 199, kisha 118, 71, 41, 25, 14, 9.

Darasa lilitegemea kila mmwago ubakishe nusu. Haikuwa hivyo, na hilo ndilo Sinapati alilotaka walione. Kauri haianguki kama sarafu. Kati ya kumi, nne hivi ndizo zinazolala chali. Kwa hiyo muda wa kupungua hadi nusu, ambao vitabu huuita nusu-uhai, haukuwa mmwago mmoja bali mmoja na zaidi ya theluthi. Kila aina ya atomi ina tabia yake, na tabia hiyo hupimwa, haikisiwi. "Msiniletee nusu kwa sababu nusu ni rahisi," alisema.

Mwaka huo akaanza kuandika kitabu, akitumia mapumziko ya saa sita na Jumamosi baada ya kufua. Elektroni alizieleza kwa ngazi za mawe za nyumba zetu: unasimama daraja la kwanza au la pili, katikati hapasimamiki. Mwanga wa atomi aliueleza kwa boksi tupu la biskuti na kipande cha CD iliyovunjika, ambavyo wanafunzi walivitumia kutazamia taa za barabarani na kuhesabu mistari ya rangi. Hakuna zoezi aliloliandika kabla ya kulifanya na darasa. Mwanzoni mwa 2018 zilikuwa kurasa mia moja na arobaini.

Februari ya mwaka huo Fereti alikuja kumsalimia. Sasa alikuwa Apia, mji mkuu, katika ofisi inayotayarisha vitabu vya shule. Alileta katoni ya samaki wa kopo, akaketi mkekani kama mtoto wa nyumba ile.

"Mwalimu, nipe nikakisome tu. Hiki kitasomwa na watoto wa nchi nzima. Niachie mimi."

Akampa kwenye flashi. Kuhusu watoto wa nchi nzima, Fereti hakusema uongo.

Septemba 2019 maboksi ya vitabu vipya yalifika shuleni. Aliyeyafungua ni Peleiupu, mwalimu wa kemia, ambaye meza yake imepakana na ya Sinapati. Akasoma jina la mwandishi jaladani mara mbili.

"Mwenzangu, uliolewa na Fereti lini hata watoto wako wakachukua jina lake?"

Sinapati alidhani ni utani. Akafungua. Ngazi za mawe zilikuwemo. Boksi la biskuti lilikuwemo. Ukurasa wa 61 kauri hazikuwemo. Mahali pake paliandikwa sarafu. "Chukua sarafu 199. Kila unapozirusha, takriban nusu huondolewa." Chini yake jedwali: 199, 118, 71, 41, 25, 14, 9.

Sarafu mia moja tisini na tisa ukizirusha mara moja hubaki mia moja hivi. Kubaki 118 si jambo la kutegemea. Fereti aliondoa kauri, akasahau kuondoa kilichotoka kwenye kauri. Na aanzaye kuhesabu upya haanzi na 199, labda awe na Lusia wake.

Sinapati aliandika malalamiko kwa kamati inayoidhinisha vitabu. Aliomba kitu kimoja: jina lake kwenye jalada. Akapewa siku, Alhamisi tarehe 24 Oktoba, saa tatu asubuhi. Daftari, ndoo na barua vikawekwa tayari chini ya kitanda chake, katika nyumba ya kaka yake.

Kaka yake ndiye mkuu wa ukoo na anaitwa kwa jina la cheo, Lemautu. Sinapati hakuolewa, ameishi kwa kaka huyo miaka yote. Kwetu dada ni agano la kaka. Chakula kizuri huanzia kwa dada, na anayemgusa dada amemgusa kaka.

Jumanne tarehe 22, Lemautu aliamka mapema kuliko kawaida.

"Leo nakupeleka mimi. Basi la nini?"

"Umeota nini, kaka? Miaka sita hujanipeleka hata kliniki."

"Panda gari, mwanamke wewe."

Alimshusha shuleni saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na nusu, watu wa ukoo wa Fereti waliketi kwenye changarawe mbele ya nyumba ya Lemautu, na mzee wao, Asomua, alijifunika kichwani mkeka mwembamba wa heshima. Ndiyo ifoga, namna yetu ya kuomba msamaha kwa kosa kubwa. Mkosewa akiacha mkeka pale, kosa linabaki. Akiuondoa kichwani mwa muombaji, limekwisha, na hakuna mtu wa ukoo wake atakayelitaja tena mbele ya yeyote. Fereti mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kazini Apia.

Lemautu aliuondoa mkeka.

Habari zilimfikia Peleiupu kwa simu ya binamu yake. Sinapati aliacha darasa, akafika nyumbani saa tatu. Wageni walikuwa wanaagwa. Mkeka ulikuwa umekunjwa ndani, na nguruwe mkubwa alikuwa amekwisha kukatwa, vipande vimepangwa juu ya majani ya mgomba.

"Mzee wa miaka sabini na minane, dada," Lemautu alisema. "Ulitaka nimwache jua limpige?"

"Jua gani la saa kumi na mbili na nusu?"

"Hayo yamekwisha. Kaa, ule."

Sinapati alimtazama nguruwe. "Huyu aliwekwa tanurini saa ngapi?"

Lemautu alipanga upya majani ya mgomba.

"Mawe ya tanuri huchukua muda wa saa moja kupata moto. Nguruwe wa ukubwa huu huiva kwa muda wa saa tatu. Sasa ni saa tatu asubuhi. Rudisha nyuma, kaka. Moto uliwashwa saa kumi na moja, nami nimelala. Wageni walikuwa hawajafika, na ulikwisha kuwapikia."

"Wewe una kitabu, Sinapati. Mimi nina kijiji. Asomua nakaa naye barazani kila Jumatatu."

"Sina kitabu."

Alichukua ndoo na daftari, akarudi shuleni kwa miguu. Nguruwe hakumwonja.

Alhamisi hakwenda Apia. Angekwenda, baraza la kijiji lingemtoza Lemautu faini kwa kuvunja neno lake, na neno lenyewe lilikwisha kutolewa kwa niaba ya Sinapati. Alituma barua mbili. Ya kwanza ilifuta malalamiko. Ya pili ilikuwa na sentensi moja: jedwali la ukurasa wa 61 si la sarafu.

"Hiyo ya pili si kutaja?" Peleiupu aliuliza.

"Mkeka umefunika jina. Hesabu haikuwa chini yake."

Jibu lilikuja tarehe 8 Novemba. Kamati ilimshukuru mwalimu kwa umakini wake. Mwandishi alikuwa ameulizwa, naye alithibitisha kwamba takwimu zilitokana na jaribio alilolifanya yeye mwenyewe na darasa. Kamati iliuliza kama Bi Leavasa ana ushahidi wa kupinga hilo.

Daftari lilikuwa mezani mbele yake. Kulipeleka kungekuwa kutaja. Alilirudisha kabatini, akafunga mlango, akaenda kipindi cha nne.

Chapa ya pili inatoka Februari, na ukurasa wa 61 haujabadilishwa. Sinapati anastaafu Ijumaa tarehe 13 Desemba. Jumatatu inayofuata atapanda feri kwenda kisiwa cha Savai'i kuishi kwa mtoto wa mama yake mdogo, na ndoo ya kauri anaiacha kwa Peleiupu.