Dani Apande Kwanza

Jumamosi moja ya Aprili 1984, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Obunga mimi na Dani, mama yake baba. Alikuwa anaishi kwetu tangu kisima cha nyumbani kwake kijijini kikauke. Sasa mvua ilikuwa imenyesha huko, usiku mmoja tu, na kwa mila yetu wake wa boma hawapandi kabla ya mama mkwe. Shamba limelowa, chakula kimeisha, wanamngoja yeye. Baba alikuwa kazini, nikatumwa mimi.

Mpaka Kisian tulipanda lori lililokuwa linaenda kuchota mchanga. Dani alikaa na dereva, akamgombeza njia nzima eti anaendesha kama ameiba.

Kisian, vilima vilikuwa vyeusi. Moto wa kiangazi ulikuwa umekula nyasi yote hadi karibu na nyumba za watu, na jivu lililolowa lilinuka. Kutoka hapo ni miguu. Dani alisimama kusalimia kila mlango.

"Dani, udongo unakauka."

"Nipite watu kama mbuzi? Hata wao wamekaukiwa."

Saa nane tulifika. Mama Atieno, mke wa baba mdogo, alikuwa ameketi na jembe miguuni.

"Mama, ulikuwa unatembea na kinyonga?"

Dani alicheka mpaka akakohoa. Mama Atieno akachimba kwa kidole. Juu vumbi, chini unyevu kidogo. "Panda leo, Mama. Jua la kesho litamaliza."

Dani akajaribu kuinama, mgongo ukakataa.

"Basi huyu msichana akupandie," Mama Atieno akasema.

"Huyu ataolewa kwingine. Akianza yeye kupanda, ataenda na mavuno yetu."

Niliangalia chini, sikujua niweke wapi mikono. Dani akaenda kulala. Mama Atieno alikusanya majani makavu akafunika udongo, ili unyevu ubaki.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, Dani aliketi chini shambani, miguu mbele kama mtoto. Akachimba, akaangusha mtama, akafukia, kisha akajisogeza kwa makalio. Mama Atieno akaziba mdomo.

"Cheka tu," Dani akasema, "lakini shika jembe."

Nilitamani kulia, sijui kwa nini. Nikaketi kwenye udongo kando yake na sketi yangu ya shule, nikamshikia leso ya mbegu. Tukasogea, tukasogea. Nyuma yetu majembe ya wake wa boma yakaanza.